Safari ya gari kwenda kuvua baharini: kuanzia jedwali la maji hadi deli la barafu

Nilifika ufukweni saa sita na nusu mchana, nikakuta bahari imekwenda zake. Mbele yangu mwamba mtupu, vidimbwi, na kaa wakinitazama kama mgeni aliyefika arusini siku ya pili. Jedwali la maji lilikuwa mfukoni na halikuwa na kosa: maji kujaa 07:00. Mimi ndiye niliyelipitia harakaharaka nikasoma saa saba mchana, kisha nikaendesha gari asubuhi nzima kwa raha zangu huku maji yakipwa. Majedwali mengi hutumia saa ishirini na nne. Humo 07:00 ni saa moja asubuhi, na 13:00 ndiyo saa saba mchana. Tangu siku hiyo, kabla sijagusa ndoana wala begi, huwa ninayaandika upya yote kwa saa zetu kwenye karatasi moja na kuibandika kwenye dashibodi.

Karatasi hiyo ndiyo mwanzo wa safari. Mengine yote, yaani saa ya kuondoka, zana za kubeba na mahali pa kulala, hupangwa kwa kurudi nyuma kutoka kwenye saa ya maji.

Hatua ya 1: Siku ichaguliwe kwa mwezi, saa kwa maji

Kwenye pwani nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kujaa hupita kama saa 12 na dakika 25. Kwa hiyo saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika kama 50 kila siku. Maji yakijaa saa 12:10 asubuhi siku ya kwanza, siku ya nne yatajaa karibu saa 2:40. Mtu aliyepanga safari ya siku nne kwa saa ya siku ya kwanza tu, kufikia siku ya mwisho atakuwa amepotea kwa saa mbili na nusu. Tena kila pwani ina tabia yake. Kwenye Ghuba ya Fundy, Kanada, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufikia mita 16, ilhali sehemu nyingi za Mediterania haifiki hata nusu mita. Tafuta jedwali la bandari iliyo karibu kabisa na unapokwenda, maana la bandari ya mbali litakudanganya.

Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Wakati huo maji hujaa sana, hupwa sana, na mkondo huenda mbio. Maji mafu huja mwezi ukiwa nusu, na mkondo hulegea. Wavuvi wengi hulisifu bamvua, nami nakubali kwamba samaki huchangamka, lakini kwa mtu anayevulia ufuo asioujua ningechagua siku mbili tatu kabla ya bamvua. Maji yanatembea vya kutosha, na chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, bado inakaa chini bila kukokotwa na mkondo na kurudishwa ikiwa imevaa mwani.

Ndani ya siku yenyewe kumbuka kanuni ya kumi na mbili. Maji yanapojaa kwa saa sita, saa ya kwanza huleta sehemu moja ya kumi na mbili, ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne tatu tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Nusu nzima ya maji huingia katika saa mbili za katikati. Hapo mkondo una nguvu, na hapo pia ndipo wanaovulia juu ya miamba huzingirwa na maji wakiwa wanacheka. Saa ninazozipenda mimi ni kuanzia saa mbili kabla ya kujaa hadi saa moja baada yake, hasa zikiangukia alfajiri au magharibi. Kwenye mlango wa mto mambo hugeuka: maji yanapoanza kutoka, hukokota dagaa na kamba, na samaki wakubwa hukaa nje kuwangoja.

Sasa hesabu kurudi nyuma. Tuseme maji yatajaa saa 12:30 jioni. Unataka chambo kiwe majini saa 10:30. Lakini usifike saa 10. Fika saa 7 mchana, maji yakiwa karibu na chini kabisa, uusome ufuo ukiwa uchi: shimo liko wapi, mfereji unapita wapi, mwamba upi utafunikwa ukakukatia mshipi. Piga picha ukiwa umesimama mahali pale pale utakaporushia. Saa nne baadaye utaona maji matupu yanayofanana kila upande, na picha hiyo itakuonyesha pa kulenga. Kama njia ni ya saa tano, na mapumziko saa moja, basi gari linaondoka saa 1 asubuhi, na mzigo wote umefungwa tangu jana jioni.

Hatua ya 2: Upepo, mawimbi, na ufuo wa akiba

Upepo wa kilomita 20 kwa saa unavulika. Ukipita 35 na unaupokea usoni, mshipi utapinda kama upinde na hutajua samaki ameuma au ni wimbi. Kwa sababu hiyo usiende na ufuo mmoja kichwani. Chagua wa pili unaotazama upande mwingine, ili upepo unaoharibu huku uwe mgongoni kule.

Kuhusu mawimbi kuna jambo ambalo utabiri hausemi waziwazi. Kimo kinachotangazwa ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi, kwa hiyo moja moja huweza kukaribia mara mbili ya kimo hicho. Ukisoma mita moja na nusu, jiandae kuona la karibu mita tatu. Angalia pia sekunde kati ya wimbi na wimbi. Mawimbi yanayopishana kwa sekunde 12 au zaidi yametoka mbali na yana nguvu kubwa kuliko yanavyoonekana.

Hatua ya 3: Ruhusa

Leseni, saizi ndogo inayoruhusiwa, idadi kwa siku, msimu uliofungwa na maeneo ya hifadhi: uliza kuhusu kila unapopita, kwa sababu ukivuka mpaka wa mkoa au nchi sheria hubadilika hata kama bahari ni ile ile. Hifadhi nakala kwenye simu, mtandao ukikata usibaki na hadithi. Baadhi ya sehemu hupima samaki hadi ncha ya mkia, nyingine hadi kwenye panda ya mkia, na kuna zinazodai samaki asafirishwe mzima au na ngozi yake ili akaguliwe njiani. Gundisha utepe wa kupimia juu ya kifuniko cha deli, hutausahau nyumbani.

Hatua ya 4: Zana chache unazozijua

Fito mbili kwa kila mvuvi zinatosha. Nimeona watu wakishusha fito saba, na kazi yao usiku kucha ikawa kuzitengua zilivyosokotana.

Wa kwanza uwe mrefu, mita 3.6 hadi 4.2, wenye uwezo wa kurusha chubwi ya gramu 100 hadi 150, pamoja na rili (kifaa cha kukunjia mshipi) ya ukubwa wa namba 6000 hadi 8000. Huo ni wa chambo, kwenye ufuo wa mchanga. Wa pili uwe wa mita 2.4 hadi 2.7 na rili ya 4000 au 5000, wa kurushia chambo bandia cha gramu 20 hadi 50 ukiwa kwenye mwamba au gati. Namba hizo za rili hutofautiana kidogo kwa kila kiwanda, hivyo zitumie kama mwongozo tu. Badala ya ufito wa tatu, beba spuli ya akiba, yaani kile kigurudumu cha rili kinachozungushiwa mshipi, ikiwa imeshajazwa. Mshipi hukatika mara nyingi kuliko ufito kuvunjika.

Mshipi wa kusokotwa ni mwembamba, hauvutiki, huenda mbali na hukuletea kila mguso hadi kidoleni. Udhaifu wake ni mwamba: ukigusa jiwe kali umekwisha. Nailoni huvutika na huvumilia kusuguliwa, lakini ni nene, na upepo na mkondo huishika zaidi. Mimi hujaza mshipi wa kusokotwa, kisha mbele nafunga lida, yaani kipande cha mwisho cha nailoni nene kinachobeba chubwi na ndoana. Chini kabisa ya spuli anza na mizunguko michache ya nailoni, la sivyo mshipi wa kusokotwa utateleza wote kwa pamoja, na utadhani breki ya rili imekufa. Jaza hadi ubaki milimita mbili au tatu kabla ya ukingo.

Lida ina hesabu yake kwa anayerusha chubwi nzito. Kwa kila gramu 28 za chubwi, ongeza ratili 10 za nguvu. Chubwi ya gramu 140 inataka lida ya ratili 50, yaani karibu kilo 23. Mtu akisema hiyo ni nene mno, mkumbushe kwamba mshipi ukikatika katikati ya kurusha, chubwi huruka kama risasi, na ufukweni kuna watu. Urefu wake uwe kama mara mbili ya ufito, ili mizunguko kadhaa ibaki ndani ya spuli unaporusha.

Mafundo mawili yanakutosha. La FG ni la kuunganisha mshipi wa kusokotwa na lida, kwa sababu ni jembamba na hupita kwenye pete za ufito bila kugonga. La Palomar ni la kufungia swiveli (kiungo kinachozunguka ili mshipi usisokoteke) au ndoana. Lowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza, maana msuguano mkavu huunguza nailoni. Fanyia mazoezi nyumbani, kisha zima taa ufunge tena. Ukishindwa sebuleni, huko kwenye giza na upepo hutaweza.

Breki ya rili iwekwe nyumbani pia, na kwa mzani. Pitisha mshipi kwenye pete zote, funga ncha yake kwenye mzani wa kuning'iniza, mwenzako aushike kwa nguvu. Inua ufito kama unayepigana na samaki, kisha rudi nyuma taratibu hadi spuli ianze kutoa mshipi. Hapo ndipo unaposoma mzani. Unataka kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mshipi, kwa hiyo mshipi wa kilo 13 utoe kwenye kilo 3 na robo hadi 4 na kidogo. Sikiliza pia. Breki nzima hutoa mshipi kwa mlio mmoja laini. Ikitoa kwa kukwamakwama, visahani vyake vimekauka au vina chumvi, na samaki mkubwa akishtuka atakata mshipi kwenye mkwamo huo huo. Watu hukaza kwa kuvuta na mkono wakasema "iko sawa". Mkono haujui kilo.

Ndoana, chukua saizi chache: 1/0, 3/0 na 5/0 zinafunika kazi nyingi. Kwa chambo mimi hupenda ndoana za duara, kwa sababu hushika pembeni mwa mdomo na samaki mdogo hurudi majini mzima. Ila hazitaki kushtuliwa. Samaki akiuma, usivute ghafla, acha ufito upinde wenyewe kisha anza kukusanya. Ongeza swiveli, vipande vya waya kwa wenye meno kama nguru na tengesi, na chubwi za aina mbili: za mviringo, na zenye miguu ya waya inayouma mchanga. Kwenye miamba funga chubwi kwa kipande cha mshipi dhaifu kuliko lida. Ikinasa, unaiacha hiyo peke yake na kurudi na ndoana na pengine samaki.

Chambo bandia usibebe duka zima. Vya chuma viwili vitatu vya gramu 30 hadi 40, kimoja cha kupiga juu ya maji, na pakiti ya vile laini vya mpira. Hivyo vya mpira vikae peke yake, maana kwenye joto la gari huyeyuka na hushambulia plastiki nyingine. Chambo halisi, kama ngisi au vipande vya kibua, kigandishwe kwenye vifuko vidogo vidogo, ufungue kimoja kwa wakati. Kilichopakwa chumvi hukaza na hakitoki kwenye ndoana ovyo.

Vidogo vinavyosahaulika: plaizi ya pua ndefu, mkasi unaokata mshipi wa kusokotwa, tochi mbili za kichwani na betri zake, miwani ya kuzuia mng'ao, viatu visivyoteleza.

Hatua ya 5: Gari

Mlango wa gari umevunja fito nyingi kuliko papa. Toa ndoana na chubwi kwenye kila ufito, fungasha vipande vyake pamoja na uvitie kwenye bomba la plastiki lenye vifuniko. Usiegemeze ufito kwenye gari hata kwa dakika moja. Vizito, kama deli na kisanduku cha chubwi, vikae chini na karibu na viti, kwenye keria viende vyepesi tu.

Kama utaingia kwenye mchanga na sheria inaruhusu, punguza upepo wa tairi hadi psi 15 au 20 kabla hujakwama. Tairi hupanuka na kuelea juu ya mchanga. Usikate kona kali, tairi lenye upepo mdogo huweza kutoka kwenye rimu. Hakikisha una pampu ya kurudishia upepo, beleshi na kamba ya kuvutia. Mahali kasa na ndege wanapotaga mayai, gari libaki barabarani. Na unapoegesha, ule mstari wa mwani mkavu unaonyesha tu maji ya juzi yaliishia wapi. Kama bamvua linakuja, maji ya kesho yataupita.

Anayevuta boti kwa trela aache beringi za magurudumu zipoe kabla ya kulisukuma majini. Beringi yenye moto ikipoa ghafla hufyonza maji ya chumvi, na utajua hilo njiani ukirudi, gurudumu likianza kulia.

Dereva apumzike kila baada ya saa mbili. Hatari kubwa ni kurudi: umekesha, umechomwa na jua, unasema "nikifika nitalala". Lala kwanza.

Hatua ya 6: Ukiwa majini na mwambani

Kabla ya kushuka mwambani, kaa juu dakika 20 uangalie. Mwamba uliolowa umelowa kwa sababu. Vaa jaketi la kuokolea na usiipe bahari mgongo. Ukiangukia majini, ogelea kwenda nje, mbali na mwamba, kisha tafuta pa kutokea, kwa maana wimbi la pili litakupigiza pale pale ulipoangukia. Mtu aliyebaki nyumbani ajue uko ufuo gani na utampigia saa ngapi.

Ngurumo ikifuata radi chini ya sekunde 30, weka ufito chini uingie garini, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ufito wa kaboni hupitisha umeme vizuri sana.

Mwiba wa taa, samaki jiwe au hongwe: tumbukiza sehemu iliyochomwa kwenye maji moto ya nyuzi kama 45 za Selsiasi kwa dakika 30 hadi 90, ukiyapima kwanza kwa mkono usioumia, kisha nenda hospitali. Kwa hiyo chupa ya maji moto ni kifaa cha huduma ya kwanza. Ndoana ikiingia jichoni au shingoni, usiivute, nenda nayo ilivyo. Kwa zinazoingia vidoleni utashukuru kama ulibonyeza kijino cha ndoana kwa plaizi mapema. Bunju mrudishe baharini, sumu yake haiondoki kwa kupikwa.

Hatua ya 7: Barafu

Hapa ndipo safari nyingi nzuri huharibika. Samaki wa jamii ya jodari na kibua wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, na ikishaingia, hakuna moto wa kuitoa. Kwa hiyo muue haraka, kata kwenye matamvua damu itoke, kisha mtie kwenye uji wa barafu: mafungu mawili ya barafu kwa fungu moja la maji ya bahari. Maji ya chumvi huganda kwenye nyuzi karibu 2 chini ya sifuri, hivyo uji huo huwa baridi kuliko wa maji yasiyo na chumvi, na humkumbatia samaki kila upande kuliko vipande vikavu.

Akishapoa kabisa, mtoe matumbo, mwaga uji, mpange kwenye barafu mpya akiwa ndani ya mfuko asiloweke kwenye maji yanayoyeyuka. Uzito wa barafu usipungue uzito wa samaki. Deli lenyewe lipozwe tangu usiku wa kuamkia safari, kwa sababu likiwa na joto la stoo litakula barafu yako ya kwanza yote. Mapande makubwa huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo, na chupa za maji ya kunywa zilizogandishwa hufanya kazi mara mbili.

Hatua ya 8: Chumvi

Siku ile ile ya kurudi, kabla ya kuoga, kaza breki ya rili na uimwagie maji yasiyo na chumvi yanayotiririka taratibu. Usitumie mpira wenye kasi, utasukuma chumvi hadi kwenye beringi. Kung'uta, legeza breki kabisa, kausha kivulini. Pete za ufito zipanguse moja moja. Ndoana na chambo bandia zilizotumika zioshwe na zikauke kwanza, kwa sababu moja yenye unyevu ikirudi kisandukuni itazitia kutu nyingine zote. Gari lioshwe chini, kwenye vyuma vya ndani, siyo milango tu. Deli lioshwe kwa sabuni na liachwe wazi.

Kisha bandua ile karatasi ya dashibodi. Nyuma yake andika kila samaki aliuma saa ngapi kabla au baada ya kujaa, upepo ulitoka wapi na mwezi ulikuwa wa ngapi. Yangu ya kwanza, ile ya kaa na mwamba mtupu, ina mstari mmoja tu: "07:00 ni saa moja."